Pepa inayonibeba ndo yenye picha nisiyoiamini

Shikamoo dada mshauri,

Nasoma safu yako kimya kimya siku zote, sikuwaza kama iko siku na mimi ntaandika, ila hili limenikaa kooni na sina wa kumwambia. Kazini siwezi, kila mtu anamjua kila mtu. Nyumbani nikianza kueleza mume wangu anasikiliza mpaka mwisho alafu anauliza "sasa wewe kosa lako liko wapi?", na mimi nashindwa kumjibu. Usitaje jina langu tafadhali.

Mimi ni mtafiti wa baiolojia ya molekuli. Nina maabara yangu ndogo, wanafunzi wachache, na mwaka huu naomba kupanda cheo, fomu inafungwa wiki chache zijazo. Fomu yenyewe inataka idadi ya pepa, yaani makala za utafiti ulizochapisha, jumla ya saitesheni, yaani mara ulizonukuliwa na wengine, h-indeksi, na pepa tano ambazo unaona ndo zimebeba mchango wako. Nina pepa 23, saitesheni 940, h-indeksi 11. Mtu akiangalia harakaharaka anasema huyu mama hajambo. Ila fungua profaili yangu uone kilichopo. Kwenye hizo 940, 610 zimetoka kwenye pepa moja tu, zile 22 zilizobaki zinagawana 330. Na kwenye pepa zinazotoka maabara yangu mwenyewe iliyonukuliwa sana ina 58, alafu ile niliyoihangaikia kuliko zote, ya jinsi seli inavyozima jeni fulani, ina 14. Kumi na nne dada, na nusu yake najinukuu mwenyewe.

Hiyo pepa kubwa ni ya miaka tisa iliyopita, nimemaliza PhD niko kwenye maabara ya profesa wangu. Tupo waandishi nane, mimi wa tatu. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza plasmidi, vile viduara vya DNA vya kubebea jeni, kuingiza mabadiliko kwenye jeni, na kuhakiki kwa kusoma mfuatano wa DNA. Jeli za protini zote alifanya mwandishi wa kwanza na picha alizipanga yeye. Matokeo yalikuwa matamu kweli, kwamba seli ikipata msukosuko protini fulani inakatwa mkia, na kwenye westan bloti, ile picha ya protini, unaona bendi ndogo, yaani mstari mdogo, inatokea chini ya ile kubwa. Watu waliipenda, ikanukuliwa, inanukuliwa mpaka leo.

Sasa nina mwanafunzi wa PhD, binti makini sana, mradi wake wote umejengwa juu ya ile bendi ndogo, na bendi haitokei. Amebadilisha seli, amebadilisha muda, antibodi ameagiza upya, anapata ile ya juu tu, ya chini hamna. Mwanzoni nilidhani ni mkono wake, nikaingia maabara nikaendesha jeli mwenyewe, hamna. Ikabidi tufungue pepa tuone wenyewe walifanyaje, akaizumu Picha ya 3 ahesabu mistari, hapo ndo akaniuliza, "mwalimu, hizi aktini mbona zinafanana?"

Nikaangalia. Kipande cha aktini, ile protini ya kulinganishia, kilicho chini ya sehemu B na kilicho chini ya sehemu D, ambazo ni majaribio mawili kwenye seli mbili tofauti, ni kimoja. Cha D kimegeuzwa kushoto kulia. Bendi ziko sita, kwenye B kuna kadoa kadogo kama koma pembeni ya bendi ya pili, kwenye D kadoa hako hako kapo pembeni ya bendi ya tano. Bendi ya mwisho ya B imejikunja kama inacheka, kwenye D inayocheka ni ya kwanza. Nilikichukua kimoja nikakigeuza kwenye kompyuta nikakiweka juu ya mwenzake. Vimelaliana.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Profesa wangu ndo anaandika barua ya kunipendekeza kwenye hii promosheni, na ni mtu aliyenichukua wakati wengine hata imeili zangu walikuwa hawajibu. Mwandishi wa kwanza sasa hivi ana maabara kubwa kwingine, anaitwa kwenye mikutano. Rafiki yangu mmoja ambaye naye ni mtafiti ananiambia nyamaza upande cheo kwanza, ukishakaa ndo useme. Na mimi najiuliza ukiitoa hiyo pepa kwangu kinabaki nini? Nikisema naanguka nayo. Nisiposema yule binti ataendelea kutafuta bendi ambayo labda haijawahi kuwepo. Nifanyeje dada?

Ni mimi, mwandishi wa tatu

* * *

Marahaba mdogo wangu, pole. Barua yako nimeisoma ikabidi niiache kidogo alafu nirudi, kwa sababu juu juu inauliza niseme au ninyamaze, ila ukiisoma tena chini yake kuna swali lingine kabisa la kwamba wewe kama mtafiti una thamani gani bila hizo 610, na naona hilo la pili ndo linalokunyima usingizi na ndo linalofanya la kwanza lionekane gumu kuliko lilivyo. Hebu tuyatenganishe.

Kwa wasomaji wasiokaa maabara niseme kwa kifupi. Westan bloti ni njia ya kuonyesha protini, unazitenganisha kwenye jeli kwa ukubwa wake, unazihamishia kwenye karatasi laini, alafu unatumia antibodi inayoshika protini unayoitaka tu, inatokea kama mstari mweusi. Aktini ni protini iliyojaa karibu kila seli, kwa hiyo inapigwa picha pembeni kuthibitisha kwamba kila kishimo kiliwekewa kiasi kile kile. Aktini ikiwa ya kuazima, ulinganisho wote unalegea, hata kama ile bendi unayoitangaza ni ya kweli.

Sasa twende kwenye hesabu, maana unasema "naanguka nayo" na mimi nikataka nione unaangukia wapi. Hii h-indeksi aliipendekeza Jorge Hirsch, mwanafizikia, mwaka 2005, na mantiki yake ni kwamba una 11 kama una pepa 11 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 11. Maana yake pepa moja iwe na saitesheni 12 au 610 au elfu sita, kwenye h-indeksi inahesabika mara moja tu. Toa hiyo pepa kwenye orodha yako, h-indeksi inatoka 11 inakwenda 10, na kama pepa yako ya kumi na mbili ina saitesheni 11 kamili basi haishuki kabisa. Fungua profaili uangalie, ni kazi ya dakika. Kinachoporomoka ni jumla, 940 inakuwa 330, na hilo sikufichi linauma kuliangalia. Lakini mtu yeyote kwenye kamati anayejua kazi yake akifungua profaili yako tayari anaona mlima mmoja na vichuguu, na anaona uko wa tatu kati ya nane. Nimekaa kwenye vikao vya namna hii, swali linaloulizwa pale ni "hii pepa kubwa yeye alifanya nini?" Na wewe jibu unalo, ni plasmidi.

Alafu nikuulize, umewahi kuangalia hizo 610 zinanukuu nini? Sio idadi, sentensi zenyewe. Chukua jioni moja ufungue ishirini thelathini hivi. Wengine utakuta wameitaja kwenye utangulizi pamoja na pepa nyingine tano, "inajulikana kwamba", hawajasoma zaidi ya muhtasari. Wengine watakuwa wamejenga juu ya ile bendi ndogo kama binti yako. Na sitashangaa ukikuta wapo waliokuwa wanaomba plasmidi zako na wakanukuu kwa ajili hiyo, kwa sababu kwenye fani yenu vitu vya mkononi ndo vinanukuliwa kuliko hata ugunduzi. Pepa ya Lowry na wenzake ya 1951 ya kupima kiasi cha protini imenukuliwa zaidi ya mara 300,000, ile ya Laemmli ya 1970 ya jeli iko juu kabisa, ya Bradford ya 1976 hivyo hivyo, wakati ya Watson na Crick ya 1953 ya umbo la DNA haifiki hata karibu. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema Lowry aliielewa seli kuliko Watson na Crick. Watu walikuwa wanapima protini kila siku asubuhi, basi, wakamnukuu. Kwa hiyo ukiniambia pepa yako ya kuzima jeni ina 14 mimi swali langu la kwanza ni duniani kuna maabara ngapi zinafanya kazi hiyo. Kama ziko kumi, 14 sio aibu (hata ukitoa zako saba, ambazo nimecheka kidogo, nisamehe, sote tunajinukuu).

Na kuna pepa zinazochelewa. Francisco Mojica, yule Mhispania aliyekuwa kati ya wa kwanza kupendekeza kwamba CRISPR, vipande vya DNA vinavyojirudia ndani ya bakteria, ni kinga yao, kazi yake ilikataliwa na majarida kadhaa makubwa mpaka ikatoka 2005 kwenye jarida la kawaida tu. Sikwambii kwamba yako itakuwa hivyo, sijui, na nyingi haziwi. Nakwambia tu kwamba namba ya leo inaonyesha nani amesikia mpaka leo.

Turudi kwenye picha. Hapa nataka tuende polepole kwa sababu umeunganisha shaka mbili zikawa moja. Ya kwanza, vipande viwili vya aktini ni kimoja. Ya pili, bendi ndogo haitokei. Inawezekana zinatokana na jambo moja, na inawezekana hazijuani kabisa.

Kuhusu vipande, umefanya kazi nzuri na kadoa kako, na kile kugeuzwa kushoto kulia ni kitu kigumu kukieleza. Kingekuwa hakijageuzwa na jaribio ni moja ningesema labda ni karatasi ile ile iliyosafishwa na kuwekewa antibodi nyingine, hilo linaruhusiwa na linafanyika kila siku. Lakini seli tofauti na kimegeuzwa, hapana, hapo pana kasoro. Ila kasoro ya nani na ya makusudi au sio, picha peke yake haikwambii. Mwaka 2016 Elisabeth Bik na wenzake wawili walichapisha matokeo ya kukagua kwa macho pepa 20,621 za baiolojia, asilimia 3.8 zikakutwa na picha zilizorudiwa isivyotakiwa, na waliona kwamba angalau nusu yake zilikuwa na dalili za kuchezewa kwa makusudi. Isome hiyo kwa pande zote mbili. Nusu ile nyingine inaweza kuwa ni mtu kachoka usiku, ameweka kipande cha kushikilia nafasi akasema ntabadilisha kesho, kesho yenyewe pepa imeshatumwa. Wanasema kugeuza ni moja ya dalili mbaya, ndio, ila wewe hukuwepo alipokuwa anapanga.

Kuhusu bendi isiyotokea, unajua kuliko mimi jinsi antibodi zinavyobadilika toleo moja hadi lingine, na jinsi seli zinavyobadilika tabia zikikaa sana, au zikawa sio zile zilizoandikwa kwenye lebo. Sasa hapa ndo nauliza kwa upole, umefikia uamuzi kwamba bendi "haijawahi kuwepo" kwa sababu ya jeli zenu, au kwa sababu umeiona aktini na sasa huiamini pepa nzima? Yote mawili yana sababu zake, lakini ukienda kumwandikia mtu ni vizuri ujue unaandika lipi.

Rafiki yako anasema subiri upande cheo. Simlaumu, anakupenda. Kuna busara ndani yake, barua ikishaandikwa na cheo kikishatoka una nguvu zaidi ya kusema na huwezi kuadhibiwa kirahisi. Lakini anachukulia kwamba ukinyamaza jambo linanyamaza pia, na hapo sina uhakika naye. Kile alichokiona binti yako kwa kuzumu mtu mwingine anaweza kukiona leo usiku. Kuna tovuti ya PubPeer tangu 2012 ambako watu wanajadili pepa zilizochapishwa na wengi wanaandika bila jina, kuna programu sasa hivi zinazotafuta picha zilizorudiwa, na pepa yenye saitesheni 610 ndo inayovutia macho. Siku hiyo ikifika swali litakalokuja kwako halitakuwa "ulifanya nini miaka tisa iliyopita", litakuwa "ulijua lini". Na wewe umeshajua, na hujui peke yako. Pia angalia fomu yako, nyingi zina mahali pa kusaini kwamba yaliyomo ni kweli kadiri unavyojua. Ukiiweka hiyo pepa kati ya tano za kujivunia, hapo unakuwa umeitumia huku unajua, na hiyo ni hatua tofauti na kukaa kimya tu. Labda hiyo ndo sehemu ya kwanza ya kuamua, na haihitaji ruhusa ya mtu. Tano zako zinaweza kuwa za kwako kweli, ile ya 58, ile ya 14, kila moja na sentensi mbili za nini kilikuwa hakijulikani kabla yake. Hasara yake ni kwamba mtu wa kamati anayependa namba kubwa atauliza mbona umeacha ile, na utahitaji jibu la kweli lisilo refu. Uliza pia kama mahali mnapofanyia kazi wamesaini lile Azimio la San Francisco lililoanza kwenye mkutano wa wanabaiolojia wa seli mwaka 2012, linalosema watu wasipimwe kwa namba za majarida. Wengine wamesaini na kusahau, ila ikiwa wamesaini una pa kushika.

Sasa njia za kusema, maana ziko zaidi ya moja na hazina uzito sawa.

Unaweza kumwandikia profesa kama mtafiti anavyomwandikia mtafiti: tunajaribu kurudia Picha ya 3, bendi ndogo haitoki, na tulipokuwa tunalinganisha tumeona aktini ya B na D zinafanana, je skani za mwanzo bado zipo? Ni swali la kawaida kabisa na kila neno lake ni kweli. Hatari yake ni mbili. Anaweza kuchukia, na barua yako iko mezani kwake. Au anaweza kumpigia mwandishi wa kwanza kabla hujamaliza chai yako, na kama kuna kitu cha kuficha wamepata muda. Miaka tisa ni mingi pia, filamu na makaratasi ya maabara yanatupwa watu wakihama, kwa hiyo jibu la "hatuna tena" linaweza kuwa la mtu mkweli.

Unaweza kuanza na mwandishi wa kwanza, heshima ya kumpa nafasi ajieleze. Mimi hii naiogopa kidogo kuliko ile ya profesa, kwa sababu yeye ndo mwenye cha kupoteza zaidi na wewe huna wa kukushuhudia mlichoongea. Ikibidi iwe kwa maandishi.

Taasisi nyingi zina ofisi au mtu wa maadili ya utafiti, na mara nyingi unaweza kwenda kuuliza tu bila kufungua malalamiko, "mtu akiona kitu kama hiki taratibu ni zipi". Uliza kwanza mazungumzo ni ya siri kiasi gani kabla hujataja pepa. Ukishafungua rasmi, jambo sio lako tena, linakwenda kwa mwendo wake, na mwendo wake ni wa kobe.

Kuna mhariri wa jarida. Ni haki yako kama mwandishi, na majarida mengi yanafuata miongozo ya COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji, ambayo kimsingi inasema mhariri awaulize waandishi, asiporidhika aiulize taasisi. Inaweza kuishia masahihisho ya picha tu, inaweza kuishia tangazo la wasiwasi, inaweza kuishia pepa kufutwa. Wewe hutachagua.

Na kuna kuandika bila jina mahali pa wazi. Inakulinda leo. Ila waandishi mko nane, na anayejua kwamba aktini hizo zimeangaliwa karibuni ni wewe na binti, sasa fikiria watamtazama nani.

Najua utaniuliza wanaosema wanabaki na nini. Frances Arnold, mwenye Nobel ya kemia ya 2018, mwanzoni mwa 2020 alitangaza mwenyewe kwamba anaiondoa pepa yao ya 2019 kwa sababu kazi haikurudika na kumbukumbu za maabara zilikuwa na mapengo. Linda Buck, Nobel ya 2004, aliondoa pepa ya 2001 mwaka 2008 alafu nyingine mbili 2010, kwa kuwa matokeo yaliyofanywa na mwenzake wa zamani hayakurudika. Wote wanaheshimika. Lakini tusidanganyane mdogo wangu, hao walikuwa na Nobel kabatini, wewe una fomu mezani, na ulimwengu hauwahukumu watu sawasawa. Ninachoweza kukupa cha watu wa kawaida ni utafiti mmoja wa 2013 kuhusu pepa zilizofutwa, ulioona kwamba kazi za nyuma za waandishi zinapoteza saitesheni pepa ikifutwa, ila pale waandishi wenyewe walipojitokeza kueleza kosa hasara hiyo haikuonekana. Ni wastani wa watu wengi, sio ahadi kwako.

Niguse la profesa kidogo. Umeandika kama vile kumuuliza ni kumsaliti. Mimi simjui, unamjua wewe. Ila mzee aliyekupokea wakati wengine hawajibu imeili, una uhakika gani kwamba angependa kuendelea kutojua? Jina lake liko mwisho wa hiyo pepa, yeye ndo atakayeulizwa wa kwanza ikilipuka. Inawezekana ni mtu wa kushukuru, inawezekana ni mtu wa kununa mwaka mzima. Mkumbuke kwenye mambo madogo, mtu alipomwonyesha kosa kwenye slaidi yake mbele za watu alifanyaje? Hiyo itakusaidia kuliko ushauri wangu. Na kama kinachokufunga ni ile barua, uliza taratibu kimya kimya kama mpendekezaji anaweza kubadilishwa, kwa sababu nyingine yoyote, au kama imeshatumwa. Ikiwa imeshatumwa sehemu ya hofu yako imeisha bila wewe kujua.

Mume wako naye usimuache hivi hivi. Anauliza kosa lako liko wapi na unashindwa kumjibu kwa sababu halipo mahali anapolitafuta. Mwambie tu huogopi kosa, unaogopa kujua.

Yule binti ndo aliyenigusa zaidi, kwa sababu yeye ndo ameiona kwanza na sasa hivi anasubiri uso wako umwambie kama alichoona ni kitu au ni ukorofi. Miaka ya PhD haimsubiri mtu wakati wakubwa wanaamua. Bila kumwandikia mtu yeyote mnaweza kutengeneza seli zilizoondolewa jeni hiyo kabisa, mziendeshe kwenye jeli moja na zile zenye nayo, mtajua antibodi inashika nini hasa. Bendi ikikosekana kwa ushahidi safi hayo ni matokeo, bioRxiv, tovuti ya kuweka pepa kabla hazijapitiwa na jarida, wanapokea hata kazi inayopingana na iliyochapishwa, na yeye anakuwa na sura ya tasnifu badala ya daftari la jeli zilizoshindwa. Ila atahitaji kujua kwamba jina la mwalimu wake lipo kwenye kile anachokipinga, na kwamba mwalimu wake hana shida na hilo. Kama una shida, mwambie pia, kuliko akisie.

Ukiamua kumwandikia profesa, nitumie rasimu kabla hujabonyeza, tuiangalie wote, hasa sentensi ya kwanza.